Vidokezo 8 vya Kuishi na Mafundi Nyumbani Juba Kiangazi Hiki

Mvua ikishakatika Novemba, Juba nzima inashika nyundo. Gudele wanaezua, Munuki wanapandisha ukuta, Gumbo wanamwaga zege, na kila kichochoro kina lundo la mchanga katikati ya njia. Tuna miezi kama mitano ya ukavu kabla ya Aprili, na ni miezi hiyo tu ambayo nyumba inaweza kufunuliwa bila kulowa. Mwenye uwezo anapanga kwingine mpaka kazi iishe. Wengi wetu tunabaki humo humo na watoto, bibi na wageni wa Krismasi, vumbi likiingia hadi kwenye sufuria. Vidokezo hivi ni vya sisi tunaobaki.

1. Kiacheni chumba kimoja

Kabla fundi hajagusa ukuta, chagueni chumba kimoja ambacho hakitaguswa mpaka vingine vyote vikamilike. Humo ndimo vitakaa vyandarua, sare za shule, dawa za bibi, vyeti na karatasi za kiwanja. Fundi atawaambia kwamba kubomoa vyumba vyote kwa mpigo ni haraka na ni nafuu. Kwake ni kweli. Kwenu ni wiki kadhaa za kulala juu ya masanduku na kutafuta kiatu cha mtoto chini ya mifuko ya saruji. Ni afadhali kazi ichelewe, familia ihame chumba kwa chumba.

Jambo moja halina mjadala: mlango au dirisha lisingʼolewe kabla jipya halijafika, likapimwa, likaonekana linaingia. Juba si mji wa kulala nyumba ikiwa wazi.

2. Paa kwanza, rangi mwisho

Kila mwaka wako wanaopaka rangi Desemba ili wageni wa Krismasi wakute nyumba inangʼaa, kisha dhoruba ya kwanza ya Aprili inangʼoa mabati na rangi yote inachuruzika. Mvua za mwanzo hapa huja na upepo mkali. Basi pesa ya kwanza iende juu. Mwambie fundi abadilishe misumari iliyolegea, aweke yenye mpira, na aipigilie kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde, kwa sababu maji hupita bondeni na tundu la msumari huyakaribisha ndani. Mabati yapandane vizuri. Kisha mwombe apande tena aangalie kenchi: gonga mbao kwa kipini cha nyundo, ikitoa sauti ya uwazi, mchwa wamo. Mchwa wa Equatoria hawabagui mbao za bei rahisi na za bei ghali. Watu wengi hupaka oili chafu ya gari. Kwa nguzo za nje inasaidia, lakini msiipake juu ya chumba cha kulala, maana ile harufu mtailala nayo kila siku. Tafuteni dawa ya mchwa, ipakwe na kukauka kabla dari haijafungwa.

Na msiezue hata bati moja kabla vifaa vyote vya paa havijafika uani. Saruji, mabati na misumari yetu mingi hupitia barabara moja, ile ya Nimule, kilomita 192 kutoka mpakani hadi Juba. Mwaka 2021 madereva wa malori walisimamisha safari baada ya wenzao kuuawa barabarani, na mwaka 2024 malori ya mafuta yalikwama Nimule kwa mgogoro wa ushuru. Barabara ikifungwa wiki mbili, asiye na paa anahesabu nyota.

3. Maji ya zege na maji ya kunywa yasikutane

Hiki ndicho kidokezo ninachowasihi mkizingatie kuliko vyote. Nyumba inayokarabatiwa inakunywa maji kuliko watu wake, na sehemu kubwa ya Juba hununua maji kutoka kwa malori ya tangi. Lori likifika, mapipa yote yanajazwa kwa pamoja. Kibarua anachota kwa ndoo yenye saruji, mtoto anachota kwa kikombe, na jioni hakuna anayejua pipa lipi ni la nini.

Kipindupindu kilitangazwa rasmi nchini Oktoba 2024, na kikaendelea kuua mwaka uliofuata. Kwa hiyo tengeni. Pipa la ujenzi lipakwe alama nyekundu na likae karibu na mchanga. Maji ya kunywa yawe kwenye dumu lenye mfuniko, ndani ya kile chumba kisichoguswa, yakiwa yamechemshwa au yametiwa vidonge vya kutibu maji kama pakiti inavyoelekeza. Vibarua nao wapeni maji ya kunywa yaliyotibiwa, na kikombe chao. Wanafanya kazi juani kwa ajili ya nyumba yenu.

Kama choo nacho kinatengenezwa, ombeni jirani awafungulie chake kabla cha kwenu hakijavunjwa. Wala msione haya kuomba.

4. Ukuta nao una kiu

Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuungana na maji, na jua la Februari likiyanyonya maji hayo mapema, lipu hupasuka nyufa kama nywele na sakafu hutoa unga kila ikifagiliwa. Dawa yake ni kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, au kufunika sakafu kwa magunia yaliyolowa. Zege limwagwe alfajiri. Fundi anayetaka kulimwaga saa saba mchana ili awahi kwingine, mwambieni arudi kesho.

Saa hizo za alfajiri zinawafaa pia mafundi wenyewe, hasa wanaofunga, maana miaka hii Ramadhani inaangukia kiangazi. Kazi ianze saa kumi na mbili, isimame saa tano, irudi saa kumi. Bibi apate usingizi wake wa mchana bila nyundo.

5. Watoto watakuwa nyumbani, pengine kuliko mlivyopanga

Kazi ya kelele na kubomoa ifanyike likizo ya mwisho wa mwaka, wakati watoto wanaweza kupelekwa kwa shangazi. Lakini msitegemee kwamba shule zikifunguliwa mtapumua. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 ikazifunga tena wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai hapa Juba. Wekeni mpango wa akiba: mti wenye kivuli, mkeka, madaftari, na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni watoto tu.

Mtoto mwenye umri wa kutosha apewe kazi ya kweli. Kumwagilia ukuta ni kazi ya kweli. Kuokota misumari ni nyingine: ngʼoeni sumaku kwenye spika mbovu, ifungwe kamba, iburutwe uani kila jioni. Watatu wakiifanya kwa zamu hakuna msumari utakaobaki. Mfuko wa saruji wasiusogelee kabisa, kwa sababu unga wake unachoma macho na vidole vilivyolowa. Na kila mtu avae viatu, hata kwenda bafuni. Msumari wenye kutu ukichoma mguu, safari ni ya kituo cha afya kwa ajili ya pepopunda, si ya kupaka majivu.

6. Jiko lihamie rakuba

Pikeni nje, upande ambao upepo hautokei kwenye lundo la mchanga. Miti minne na mikeka juu inatosha kwa rakuba ya msimu mmoja. Asida na mchuzi vifunikwe muda wote.

Chai ya mafundi msimwachie mama wa nyumba, maana tayari anapika, anateka maji na anasuluhisha ugomvi wa mafundi. Ongeeni na mama wa chai aliye chini ya mwarobaini mtaani, awahudumie asubuhi, nanyi mmlipe kila Jumamosi. Mafundi watashiba, yeye atauza, na nyumbani kutapungua mzigo mmoja.

7. Lipeni kwa hatua

Bomba la mafuta lilipopasuka huko Sudan Februari 2024, pauni yetu iliporomoka na bei za vifaa zikawa zinabadilika kabla hujafika soko la Konyo Konyo. Tangu hapo mafundi wengi wanataja bei kwa dola. Kubalianeni mapema ni sarafu gani, andikeni kwenye daftari, pande zote mbili zitie sahihi. Kisha lipeni kazi ikionekana: paa likikamilika, lipu ikikamilika, sakafu ikikamilika. Malipo ya awali yasizidi kiasi cha kuanzia.

Mshahara ukiingia, nunueni kinachodumu, yaani mabati, misumari, bawaba. Saruji nunueni ya kazi iliyo mbele yenu tu. Ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike ndani ya miezi mitatu.

8. Wekeni siku ya kukoma

Ua ubaki na nafasi ya viti hamsini siku zote, kwa sababu msiba hausubiri fundi amalize, na ndugu watakuja kwenu hata mkiwa hamna mlango wa sebule. Halafu tazameni kalenda. Mwisho wa Machi, kusanyeni mchanga uliobaki, zibueni mfereji wa nyuma ya nyumba, mlipeni fundi haki yake na mmuage. Kama chumba kimoja hakijapakwa rangi, kiacheni hivyo hivyo. Rangi itapakwa Novemba, ila mfereji ulioziba hautasubiri Mei.