Kuchora bei ya majani chai kwa chati ya ngazi

Wakulima wa Kericho na Bomet wanaopeleka majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kila mwezi kiwango kimoja kwa kila kilo, kisha bonasi baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30. Kiwango hicho cha mwezi hakipandi kidogo kidogo. Hukaa palepale, halafu siku moja kinaruka.

Hapo ndipo chati ya mstari wa kawaida hupotosha. Tuseme kilo ililipwa Sh20 kuanzia Julai 1, ikawa Sh23 Januari 1. Mstari utaunganisha nukta hizo mbili kwa mshazari, na mkulima akiutazama atadhani Oktoba alistahili Sh21.50. Ataenda kiwandani kudai pesa ambazo hazikuwahi kuwepo.

Wanaojifunza Python wanaweza kutumia Matplotlib, maktaba isiyolipiwa:

plt.step(tarehe, bei, where="post")

Sehemu ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa sana. Ukiiacha, programu huchukua "pre" yenyewe na kuchora Sh23 kana kwamba zilianza kulipwa Julai. Kosa hilo ni baya kuliko ule mshazari.

Ngazi ya mwisho nayo haitaonekana, kwa kuwa hakuna nukta baada yake. Ongeza tarehe ya Juni 30 na urudie bei ileile ya Sh23.

Bonasi isichanganywe humo. Huhesabiwa kwa kilo zote za mwaka mzima, kwa hivyo ichorewe nguzo yake kando.