SOMO LA MWEZI HUU: BWAWA LA SAMAKI LILILOKUWA JEMA LINAPODHOOFIKA



Somo hili si la kuchimba bwawa jipya. Ni la mkulima ambaye bwawa lake limekwisha kaa miaka mitatu, minne au zaidi. Hapo mwanzo lilimlisha vizuri, na sasa samaki ni wadogo, au hufa mmoja mmoja, naye hajui sababu.

Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuwachimbia wakulima mabwawa, 200 katika kila jimbo, kwa majimbo 140, kila bwawa likiwa na eneo la mita za mraba 300. Baadhi ya mabwawa hayo yalianza vizuri, kisha yakaachwa yakaota magugu. Kuchimba ni kazi ya siku chache, lakini kutunza ni kazi ya kila siku.

KISA CHA BWAWA MOJA

Mama mmoja mwenye shamba upande wa Garsen alikuja ofisini kuuliza gharama ya kufukia bwawa lake. Lilikuwa la kipimo hicho hicho cha mita za mraba 300. Mavuno ya kwanza yalimlipia mtoto karo ya shule. Ya pili yalikuwa mema. Ya tatu yalipungua, na mwaka wa nne perege walikuwa wadogo kama kiganja cha mtoto. Tena kila wiki aliokota wachache waliokufa.

"Mwanangu," akasema, "bwawa hili limerogwa."

Nikamjibu, "Mama, kabla hatujamtafuta mchawi, hebu tuyatazame maji."

Nilimwuliza amefanya nini alipoona samaki hawakui. Alikuwa ameongeza pumba. Walipokuwa hawakui bado, akaongeza samadi ya ng'ombe, kisha akaongeza pumba tena. Alifanya kama mzazi afanyavyo mtoto akikonda: alimzidishia chakula. Lakini samaki huishi ndani ya sahani yake, na kile asichokula huozea pale pale anapovuta pumzi.

Tulilipima bwawa kwa hatua sita. Wewe pia waweza kuzifuata, na hazina gharama.

HATUA YA KWANZA: NENDA BWAWANI KABLA YA JUA KUTOKA

Maji ya kijani yamejaa mwani mdogo usioonekana kwa jicho mmoja mmoja. Mchana, kwa nguvu ya jua, mwani hutoa oksijeni ambayo samaki huivuta. Usiku mwani hautoi, bali nao huivuta. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni alfajiri. Ukiwaona samaki juu ya maji wakifunguafungua midomo saa kumi na moja unusu, na saa nne wamezama tena, ujue kwamba wanakosa oksijeni. Yule mama hakuwa ameliona jambo hili, kwa sababu kila siku alikwenda bwawani saa nne.

HATUA YA PILI: PIMA RANGI KWA MKONO

Simama ukingoni, nyosha mkono na kuutumbukiza majini, kiganja kikiangalia juu. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, ni vizuri. Kikipotea maji yakiwa hayajapita kifundo cha mkono sana, mwani umezidi. Acha samadi mara moja. Kikionekana bado hata maji yakikaribia bega, chakula cha asili ni kidogo. Na kama maji ni ya rangi ya udongo, kosa ni tope liingialo kwa mvua au kwa miguu ya ng'ombe. Chimba mtaro wa kuzuia maji ya mvua, panda majani ukingoni, na mifugo wanyweshwe mahali pengine.

HATUA YA TATU: PIMA KINA NA MATOPE

Chukua fito iliyonyoka, uitumbukize mpaka iguse matope laini, utie alama. Kisha isukume mpaka iguse udongo mgumu, utie alama ya pili. Bwawa la yule mama lilichimbwa sentimita 120 upande wenye kina. Tulikuta maji sentimita 75 na matope sentimita 40. Kama theluthi moja ya kina ilikuwa imejaa mavi ya samaki, pumba na samadi iliyooza. Matope hayo hula oksijeni mchana na usiku, na hutoa amonia, nayo huunguza mashavu ya samaki.

HATUA YA NNE: PIMA CHAKULA

Usilishe kwa kukisia. Vua samaki 20, uwapime pamoja, upate uzito wa mmoja. Ikiwa una perege 600 wa gramu 100 kila mmoja, uzito wao wote ni kilo 60. Perege wa kadiri hiyo wapewe kama asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, yaani kilo 1 na gramu 800. Wagawie mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, wakati ambapo maji yana oksijeni ya kutosha. Chakula ambacho hakikuisha kwa dakika 20, kesho kipunguze. Yule mama alikuwa akitupa debe zima kila siku.

HATUA YA TANO: HESABU SAMAKI

Perege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Ukiweka madume na majike pamoja bila kuvua, baada ya mwaka bwawa lina ukoo mzima, nao wote hugombea oksijeni moja na pumba moja. Basi hawakui. Kiasi kifaacho kwa mfugaji mdogo ni samaki 2 au 3 kwa mita ya mraba moja, yaani 600 mpaka 900 kwa bwawa la mita za mraba 300. Yule mama aliweka 600. Tulipomwaga maji baadaye, tuliacha kuhesabu tulipopita 2,000.

HATUA YA SITA: MAJI YATOKA WAPI?

Huku kwetu jua ni kali, na maji hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke. Mvuke hupanda peke yake, nayo chumvi hubaki. Ukijaza kwa maji ya kisima chenye chumvi kidogo, mwaka hata mwaka, bila kumwaga bwawa, chumvi huzidi kidogo kidogo bila wewe kujua. Perege huvumilia chumvi kuliko kambale. Mwombe Afisa wa Uvuvi apime kwa kipimo chake.

Uliza pia habari za dawa. Dawa nyingi za kuua wadudu wa mimea huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Usioshe bomba la kunyunyizia dawa karibu na bwawa, wala usiingize maji yaliyopita katika shamba lililonyunyiziwa. Samaki wakifa wote kwa siku moja, wakubwa kwa wadogo, fikiri habari ya dawa au ya kukosa oksijeni kabla ya kufikiri ugonjwa.

LA KUFANYA SAMAKI WAKITWETA ALFAJIRI

Acha chakula na samadi siku hiyo. Ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ili yachukue hewa, au chota maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga tena kwa nguvu. Usibadili maji yote kwa mara moja, kwani mabadiliko ya ghafula huwaumiza walio dhaifu. Theluthi moja yatosha. Ukichota mtoni, usiende gizani peke yako. Mamba wa Tana hawalali.

JIFUNZE KWA WAFUGA MATUMBAWE

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga matumbawe ya bahari nyumbani, ndani ya matangi ya vioo. Tumbawe ni mnyama, na mwilini mwake hukaa mwani mdogo unaomlisha. Tangi laweza kupendeza miaka mingi, kisha matumbawe yakaanza kupauka. Mfugaji asiye na subira hubadili taa, chakula na maji kwa siku moja. Yakifa hajui lipi lililoyaua, na yakipona hajui lipi lililoyaponya. Mfugaji mwenye busara hupima joto, chumvi na uchafu wa maji, huandika, hubadili jambo moja, kisha hungoja.

Hata bahari yetu hufuata sheria hiyo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakawa meupe na kufa. Nako Malindi, tope la mto Sabaki hutiririka mpaka kwenye miamba na kuzuia mwangaza. Nyumba ya maji ikiharibika, aliye ndani yake hadhoofiki kwa kurogwa.

BWAWA LA MAMA LILITENGENEZWAJE

Jambo la kwanza, tuliacha samadi na kupunguza pumba. Baada ya wiki mbili kiganja kilionekana mpaka karibu na kiwiko, na samaki hawakutweta tena. Lakini bado hawakukua, maana walikuwa wengi mno, na matope yalikuwa pale pale.

Jambo la pili, alivua wote. Wakubwa aliwauza, wadogo aliwakausha kwa chakula cha nyumbani. Bwawa likamwagwa, likaachwa jua kwa wiki mbili mpaka udongo ukapasuka nyufa. Matope yalichukuliwa kwa machela yakawekwa kwenye migomba, kwa kuwa ni mbolea njema sana. Chokaa hakutia kwa kukisia. Alipeleka udongo ukapimwe kwanza.

Jambo la tatu, aliweka vifaranga 600 vya perege madume. Asiyepata madume watupu aweza kuchanganya na kambale wachache, ambao hula watoto wa perege. Lakini kambale wawe wadogo kuliko perege siku ya kuwaweka, ama sivyo watakula na mtaji.

Mavuno yaliyofuata hayakufika yale ya kwanza, kwa sababu korongo na mdiria walichukua sehemu yao kabla hajatandaza wavu. Lakini samaki walikuwa wa kuuzika, karo ya muhula mmoja ilipatikana, na bwawa halikufukiwa. Sasa ana daftari. Kila asubuhi huandika mambo manne: samaki wako juu au chini, kiganja kimepotea wapi, pumba kiasi gani, na wangapi wamekufa.

MASWALI

1. Kwa nini yafaa kulitazama bwawa alfajiri kuliko saa nne?
2. Una perege 500 wa gramu 80. Uwape chakula kiasi gani kwa siku, kwa asilimia 3?
3. Maji hupungua kwa jua. Chumvi huenda wapi?
4. Kwa nini haifai kubadili mambo matatu kwa siku moja?

Jibu la swali la pili ni kilo 1 na gramu 200. Hayo mengine yajibu mwenyewe ukingoni mwa bwawa lako, kesho kabla ya jua kutoka.