MAUMIVU YA MKONO KWA MWANAFUNZI WA GITA: SABABU NA KINGA

Mwanafunzi anayeanza kujifunza gita hupata maumivu ya mkono katika siku za kwanza. Wako wanaokata tamaa na kuliacha. Wako pia wanaojikaza, wakiamini kwamba mchumia juani hulia kivulini. Pande zote mbili hukosea, kwa kuwa hazitenganishi maumivu ya namna mbili yenye asili tofauti. Makala haya yanakusudia kuieleza tofauti hiyo, na kuonyesha jinsi biolojia na fizikia ya darasani inavyoweza kuukinga mkono.

Maumivu ya namna mbili

Maumivu ya kwanza ni ya ncha za vidole. Uzi ni mwembamba, hivyo kani ndogo ya kidole huangukia eneo dogo sana la ngozi na kuleta kanieneo kubwa. Ngozi hujibu kwa kujenga sugu, na katika muda wa wiki chache maumivu hayo hutoweka. Haya hayana hatari, ila mazoezi yasimamishwe iwapo ngozi imechanika au imefanya malengelenge.

Maumivu ya pili ni ya kifundo cha mkono, shina la gumba na kigasha. Hapa hakuna sugu itakayojengeka. Kadiri mwanafunzi anavyojikaza ndivyo anavyozidi kujidhuru.

Mkono ulivyoumbwa

Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Shika kigasha chako cha kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kisha chezesha vidole vya mkono huo: utahisi misuli ikicheza mbali na vidole vyenyewe. Nguvu ya misuli hiyo husafirishwa na kano, mfano wa kamba zinazovuta kitu kilicho mbali. Kano 9 hupita kwenye kifundo ndani ya njia nyembamba, pamoja na neva inayohudumia gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na sehemu ya kidole cha pete. Kifundo kikikunjwa sana, njia hiyo hubanwa. Kano husuguana na kuta zake, na neva hugandamizwa.

Aidha, kukunja kifundo hupunguza nguvu. Fumba ngumi kwa nguvu kifundo kikiwa kimenyooka. Kisha kunja kifundo kuelekea ndani kadiri uwezavyo, ujaribu tena kufumba. Ngumi italegea, kwa sababu misuli imekwisha kufupika na haina tena nafasi ya kuvuta. Basi mwanafunzi aliyekunja kifundo hutumia juhudi kubwa kupata nguvu ndogo.

Kani inayohitajika

Shingoni mwa gita pana vipande vyembamba vya chuma vilivyokingama, viitwavyo freti. Kidole kinapobana uzi kati ya freti mbili, kani yake hugawanyika baina yao, kama mzigo ulioning'inizwa kwenye mti uliochukuliwa na watu wawili: aliye karibu na mzigo hubeba zaidi. Freti inayoamua noti ni ile iliyo upande wa tundu la sauti. Kwa hiyo kidole kiwekwe nyuma yake, karibu nayo, wala si katikati ya nafasi.

Ili kujua kani inayotosha, gusa uzi kwa wepesi huku ukiupiga, kisha ongeza kani pole pole mpaka mkwaruzo uishe na noti iwe safi. Ishia hapo. Kani inayozidi hapo haiboreshi sauti. Huuvuta uzi na kuipandisha noti kidogo.

Mkazo wa nyuzi nao una sehemu yake. Nyuzi 6 za nailoni kwa pamoja huvuta kwa kani ikaribiayo uzito wa kilogramu 40. Za chuma huzidi kilogramu 60. Kwa uzi usiobadilishwa, mkazo hulingana na kipeo cha pili cha idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ukishusha nyuzi zote kwa toni moja, mitetemo huwa 0.89 ya ile ya awali, na mkazo huwa 0.89 × 0.89, yaani 0.79. Mkazo umepungua kwa takriban moja ya tano, na mipangilio ya vidole haikubadilika. Hii ni nafuu isiyogharimu hata senti moja.

Kanuni za mazoezi

1. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, shingo ya gita ikiinuka kidogo. Tofali chini ya mguu unaobeba gita husaidia.
2. Kifundo kikae karibu na kunyooka, na gumba litulie nyuma ya shingo bila kukaba.
3. Fanya mazoezi ya dakika 15, kisha pumzika. Vipindi vifupi vya kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi.
4. Usiongeze muda ghafla, hasa sherehe ya shule inapokaribia.
5. Maumivu ya kifundo yakianza, acha kupiga siku hiyo. Yakidumu baada ya mapumziko ya siku kadhaa, au pakiwa na uvimbe, au ganzi inayokuamsha usiku, nenda ukamwone mganga hospitalini.

Mwalimu asimsifu mwanafunzi kwa kuvumilia maumivu ya kifundo. Mkono huo ndio utakaoshika kalamu, jembe na vifaa vya maabara kwa miaka mingi ijayo.