Kona ya Yaya: Nguo za wazee si aibu, wala si za kuokota

Wadogo zangu wa Bunia, leo najibu barua moja tu, maana inastahili ukurasa mzima. Imetoka kwa binti anayejifunza kukata na kushona hapa mjini. Anataka nguo yake ya kumalizia mafunzo iwe na michoro kama ile ya magome ya Wambuti, na nyuma, chini ya kiuno, iwe na pambo kama walilovaa wanawake wa Kimangbetu zamani. Shangazi yake amemwambia hayo ni ya kishenzi, Mkristo hayagusi. Mwenzake wa darasani naye kamwambia, "Wewe si Mmbuti, unaiba." Sasa ameshika tama na ananiuliza: "Yaya, niache?"

Usiache, mdogo wangu. Ila usianze na mkasi.

Shangazi tumjibu kwa heshima, maana anakupenda na hataki uchekwe. Mwulize kwa upole kuhusu kikwembe anachovaa Jumapili. Waksi inayoheshimika kuliko zote sokoni ni ya Uholanzi. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846, na vitambaa vyake vilianza kwa kuiga batiki za kisiwa cha Java. Vikafika Afrika Magharibi, akina mama wa sokoni wakavipa majina na kuvipigania, na leo hakuna harusi ya Bunia bila waksi. Baadaye viwanda vya kwetu navyo vikatengeneza vikwembe. Wazazi wetu wanaikumbuka Sotexki ya Kisangani. Kwa hiyo nguo ambayo shangazi anaiona ni ya heshima na ya mila ilikuwa ngeni siku zake, ikapokewa, ikapendwa, ikawa yetu. Hilo si kosa lake, ndivyo nguo zinavyoishi.

Mwulize pia kuhusu ujana wake, au wa mama yake. Miaka ya mwanzo ya 1970 Rais Mobutu alipoleta "otantisite", yaani kurudi kwenye asili yetu, wanaume walikatazwa suti na tai wakavaa abakosi, koti la kuvaliwa bila tai, na wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na mawigi. Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba yake iliyofungua milango ya vyama vingi, tai ikaruhusiwa tena. Mtu mmoja, katika maisha yake, ameambiwa vazi fulani ni la adabu, kisha ni la aibu, kisha ni la adabu tena. Ukilijua hilo, neno "kishenzi" halikutishi. Utajua kuwa kuna mtu alilisema kwa sababu zake, wakati fulani.

Sasa njoo kwenye gome lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo pana utamu, na liko nyumbani kwetu Ituri. Ukitoka Bunia, ukapita Komanda na Mambasa, unaelekea Epulu kwenye msitu wa okapi. Huko wanaume wa Kimbuti huchuna gome la ndani la miti, hasa ya jamii ya mtini, hulilowesha, hulilaza juu ya gogo na kulipondaponda kwa nyundo, nyingine zamani zikiwa za pembe ya ndovu, mpaka linatanuka na kulainika. Hapo kazi inahamia kwa mwanamke. Anakilaza kitambaa mapajani na kuchora kwa kidole au kijiti. Wino mweusi unatokana na maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na masizi ya mkaa.

Tafuta picha ya kazi moja uitazame polepole, mdogo wangu. Mistari inaanza vizuri, imepangana, halafu katikati inakatika. Panabaki pengo. Upande wa pili inaanza mistari mingine, mizito zaidi, na nukta, na kitu kama utando wa buibui. Kushoto hakulingani na kulia. Mwalimu wa shule angesema mchoraji amekosea, lakini hakukosea hata kidogo. Wako wataalamu waliosikiliza nyimbo za Wambuti, ambamo sauti nyingi huingiliana na kupishana bila mmoja kuwa kiongozi, wakaona kuwa michoro hiyo inakwenda vivyo hivyo. Mimi nakubaliana nao. Pengo lile ni pumzi. Nguo hizo zilivaliwa kwenye sherehe, na mtoto mchanga alipozaliwa alifungwa kwenye gome. Kuiita kazi hiyo ushenzi ni kukosa macho.

Kwa majirani zetu wa kaskazini, Uele, mambo yalikuwa ya fahari tupu. Mjerumani Schweinfurth alipofika kwa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu, mwaka 1870, alimkuta amevaa gome, shaba na manyoya, akamchora. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin wa jumba la makumbusho la New York walizunguka kaskazini-mashariki ya Kongo, na Lang akapiga maelfu ya picha. Humo utawaona wanawake wa Kimangbetu na nywele zilizosukwa juu ya kiunzi zikapanuka kama sahani nyuma ya kichwa, pini za pembe zimechomekwa, na mwili umechorwa kwa maji ya gadenia. Pambo unalolitaka, negbe, lilishonwa kwa majani ya mgomba, vipande vyeusi na vya kawaida vikapangwa kwa ruwaza. Mwanamke alilifunga nyuma, juu ya gome. Ukizitazama picha hizo kwa makini huoni negbe mbili zinazofanana. Wale mama walikuwa wanashindana, kama mnavyoshindana nyinyi na mikono ya libaya siku ya harusi. Ilikuwa fasheni.

Na kwa kuwa ni kazi yenye wenyewe, mwenzako wa darasani ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo naomba uibebe kwa uzito. Mwaka 1925 msafara wa magari ya Citroën uliovuka Afrika ulimpiga picha mwanamke wa Kimangbetu aitwaye Nobosudru. Sura yake ya ubavuni ikatangaza filamu ya msafara huo, ikachongwa hata kuwa pambo la mbele ya magari huko Ulaya. Kichwa chake kikajulikana duniani kote. Mikono iliyomsuka nywele zile, iliyochukua muda wote ule kuzipanga, haikuulizwa jina. Hivyo ndivyo kuokota kunavyokuwa: kitu kinachukuliwa, mwenye kazi anabaki nje. Na sisi watu wa mjini tunaweza kuwafanyia Wambuti hivyo hivyo, kwa mazoea ya kuwadharau, tena bila kuvuka bahari yoyote. Katika Ituri yetu, ambapo kabila limetumika kuua watu, naona hatari kubwa zaidi ikiwa kila mmoja atajifungia na nguo za kwao tu. Ila mlango wa mwingine hubishwa hodi kwanza.

Basi bisha hodi. Tafuta, kupitia parokia, chama cha akina mama au mtu wa familia aliyeko Mambasa au Komanda, mwanamke anayechora bado. Keti naye. Mlipe siku yake kama unavyomlipa fundi yeyote, wala usimpe sabuni na chumvi ukaita malipo. Mwulize kipi kinachorwa kwa furaha tu na kipi kina shughuli yake maalumu. Akikwambia mchoro fulani si wa kuchezea, uache hapo hapo. Usiunakili mchoro wake mzima. Jifunze anavyofikiri, jinsi mstari unavyokatika na pengo linavyoachwa, kisha chora wa kwako. Mwone José Hendo, mzaliwa wa Uganda anayefanya ubunifu London: anatumia magome ya Buganda kwenye mitindo ya leo, na kila mahali anataja gome hilo limetoka wapi. Utengenezaji wa gome hilo la mti wa mutuba ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Gome huchunwa msimu wa mvua na shina hufungwa majani ya mgomba lipone, ili mti uchunwe tena. Hata mti unatunzwa. Sembuse aliyeufanyia kazi.

Kuhusu ushonaji, nitasema kidogo kwa sababu mwalimu wako yupo. Gome halianguki mwilini kama waksi, na maji si rafiki yake. Kata kwanza mfano wa nguo kwa amerikani, uvae, utembee, ukae. Kwa nguo yenyewe chukua pamba nzito isiyo na maua, uchore kwa mkono ukitumia rangi ya vitambaa. Usitumie muhuri wa kugonga, kwa kuwa muhuri utakupa mistari inayolingana na uzuri wote utapotea. Negbe ishone kama kipande cha kufunga na kufungua, ili nguo iweze kuvaliwa tena siku ya kawaida bila pambo. Na tafadhali, pambo moja lenye nguvu linatosha. Usiongeze simbi, manyoya na ngozi ya chui ya bandia ili watu waone "Afrika".

Kuna kazi nyingine nakupa, wewe na wote mnaosoma. Kaeni na mama zenu, na nyanya kama mnao bado, mfungue sanduku la vikwembe. Ulizeni kila kimoja: kilinunuliwa wapi, Ariwara, Kisangani au Kampala? Kiliitwa jina gani sokoni? Kilivaliwa siku ya nani? Pigeni picha upande wa pindo, pale yalipoandikwa majina ya kiwanda. Najua kuna nyumba nyingi hapa Bunia ambazo sanduku halipo tena. Mama alikimbia vita Djugu usiku, kikwembe kimoja kimembeba mtoto, cha pili kimefunga mzigo, na vingine vikaungua na nyumba. Huyo usimwonee aibu kumuuliza. Chukua karatasi na penseli za rangi, mwache akueleze, wewe uchore, yeye akusahihishe: ua lilikuwa kubwa kuliko hivyo, kijani chake kilikuwa kimeiva zaidi. Akichoka, au machozi yakija, weka penseli chini, mrudie siku nyingine akitaka mwenyewe.

Shangazi naye mwombe akufunge negbe siku ya kujaribu nguo, kwa kuwa fundo la nyuma huwezi kulifunga peke yako. Aguse, aone mshono, aseme neno lake. Na nguo ikiisha niletee picha tatu, ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, pamoja na jina la mama aliyekufundisha kuchora, kama ameridhia liandikwe. Nitalitanguliza lake, halafu lako.