Idi Bila Kiingilio: Michezo ya Kujitengenezea kwa Watoto wa Mtaa

Idi ikifika, watoto wa Unguja mjini huteremka Mnazi Mmoja, wa Chake Chake hukusanyika Tibirinzi, na sikukuu huvutwa mpaka Idi nne. Raha yake haina mfano. Lakini bembea inalipiwa, maputo yanauzwa, na mkono wa Idi humalizika jua likiwa bado kali. Tena yupo mtoto ambaye hakupewa chochote siku hiyo, anayesimama kando ya bembea akiwatazama wenzake wakizunguka. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya mitaa isiyokuwa karibu na kiwanja chochote cha sikukuu, hapa pana michezo isiyo na kiingilio.

1. Anzeni kumi la mwisho

Msisubiri mwezi uandame. Siku za mwisho za Ramadhani watoto wengi wapo nyumbani, na saa za kabla ya futari ni ndefu kwao. Wapeni kazi ya kukusanya chupa tupu za maji, vizibo vya soda, makopo ya maziwa, soksi zilizotoboka, magunia, ndara zilizokatika, njiti za ufagio wa makuti. Gunia moja likijaa, michezo ya siku nne imepatikana. Na mtoto aliyetengeneza kitu kwa mkono wake hukilinda, hukisifia, hukifundisha kwa wenzake. Sijaona mdoli wa dukani unaopata heshima hiyo.

2. Idi mosi, hurumieni nguo

Siku ya kwanza kila mtoto ana nguo mpya, na mama yake ameikopea kwa fundi. Michezo ya mchanga na maji ingoje Idi pili. Idi mosi iwe ya hina, tiara, bao, na kurusha pete za kamba ya mkonge kwenye chupa zilizotiwa mchanga kidogo ili zisianguke.

3. Hina ndiyo, piko hapana

Hapa naomba wazazi mnisikilize. Hina ya kweli ni unga wa majani: changanyeni na maji ya ndimu na sukari kidogo, funikeni saa kadhaa, tieni kwenye koni ya karatasi ya nailoni. Mabinti wakubwa wawachore wadogo, hata maua mawili tu kiganjani. Rangi hutoka ya chungwa, kisha hukolea mpaka kahawia siku inayofuata. Ile nyeusi tii inayoshika kwa dakika chache ni piko, yaani rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Kwenye ngozi ya mtoto inaweza kuleta malengelenge na kovu, na akishadhurika nayo mara moja, mwili wake unaweza kuikataa maisha yake yote. Mtoto akililia nyeusi, mwambieni hina ya kahawia ndiyo waliyopakwa bibi zake.

4. Mashindano ya vingalawa

Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote, basi niwaelekeze vizuri. Chukueni soli ya ndara kuukuu, au kipande kirefu cha kumbi la nazi. Kichongeni mbele kiwe na ncha. Katikati chomekeni kijiti cha mshikaki kiwe mlingoti, na tanga likatwe pembetatu kutoka mfuko wa unga uliokwisha. Shati kuukuu nalo linafaa. Pitisheni njiti mbili za ufagio zikatize chombo kutoka ubavu hadi ubavu, na kila mwisho mfunge kipande chembamba cha soli: hizo ndizo rengu, bila hizo kitapinduka kwenye wimbi la kwanza. Chini kwa nyuma pigilieni msumari mmoja ili kipate uzito. Kila mtoto aandike jina la chombo chake kwa kalamu ya wino mzito, maana ugomvi wa "hiki changu" ukianza pwani hauishi.

Sasa habari ya maji. Idi Ndogo huja mwezi ukiwa mchanga, kwa hiyo huangukia bamvua. Katika mwambao wetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi alasiri, saa ileile ambayo watoto wameshakula pilau na wanataka kutoka. Upepo mzuri, maji tele, lakini pia maji marefu: kati ya kupwa na kujaa huweza kupanda zaidi ya mita 3. Basi watu wazima wawili wasimame majini, wawe ndio mpaka, na mtoto asipite magoti yake. Kila chombo kifungwe uzi mrefu, hasa siku upepo unapotoka nchi kavu kwenda baharini, ili asiwepo wa kukifukuza. Idi Kubwa ni mambo mengine, kwa sababu mwezi ukiwa na siku kumi maji huwa mafu. Hayajai sana wala hayatoki sana, na kwa watoto wadogo ni salama zaidi.

Mnaokaa mbali na bahari, tumieni karai kubwa na mdomo: mtoto anapuliza tanga mpaka chombo kiguse ukingo wa pili.

5. Mpira wa soksi na rede

Zamani mpira wa mtaani ulisukwa kwa mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na mpira haukufa. Jazeni soksi vitambaa na sponji ya godoro kuukuu, fungeni mdomo, visheni soksi ya pili kwa upande wa pili, kisha zungusheni uzi wa katani. Ukiwa laini ndio uzuri wake, kwa kuwa katika rede mtu analengwa mwilini. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akiijaza kabla hajapigwa, ameshinda. Wasichana wa mitaa yetu ni mabingwa wa mchezo huu. Wavulana wasiachwe nje, wafundishwe nao.

6. Magunia, ndimu, kopo linalovuja

Mbio za magunia na za ndimu kwenye kijiko mnazijua. Ongezeni hii: toboeni kopo matundu matano kwa msumari, mtoto achote maji kwenye ndoo, akimbie kuyamimina kwenye chupa ya timu yake. Siku za kaskazi, joto likiwa jingi, ndio mchezo unaoombwa tena na tena. Maji yachotwe baharini au kisimani. Ya kunywa yasimwagwe.

7. Bao mchangani

Bao la mbao si lazima. Chimbeni kwa ngumi safu nne za mashimo nane nane, tafuteni kete 64 za komwe au vijiwe vya ukubwa mmoja, mtie mbilimbili katika kila shimo. Hilo ndilo bao la kujifunza. Mtafuteni babu mmoja akae hapo na kahawa yake. Watoto watamzunguka, na mtoto mwenye mguu mbovu, au asiyependa kukimbia, amepata mahali pake bila kuonewa huruma.

8. Tiara

Njiti mbili, gazeti, gundi ya unga wa ngano uliokorogwa jikoni, mkia wa kitambaa. Zirushwe ufukweni au uwanjani, kamwe si chini ya nyaya za umeme, na ikinasa kwenye nyaya iachwe hukohuko.

9. Zawadi ziwe ndogo na za wote

Pesa zisitolewe, zitaleta vilio. Ubuyu, kashata na visheti vinatosha, na mshindi apate heshima ya kuchagua mchezo unaofuata. Kila aliyecheza apate chake, maana wapo ambao hicho ndicho kitamu pekee watakachokula siku ile.

10. Wakabidhini vijana

Mtaa una wavulana na mabinti wa miaka 13 mpaka 15, wakubwa kwa bembea, wadogo kwa vikao vya watu wazima. Wasipopewa shughuli ndio hao watakaohangaika na fataki vichochoroni. Mpeni mmoja firimbi, mmoja daftari la timu, mmoja sanduku la pamba na dawa ya vidonda. Na mmoja, mpole kuliko wenzake, apewe kazi moja tu: kuzunguka ukingoni mwa uwanja, kuwauliza watoto waliosimama peke yao majina yao, na kuwaingiza kwenye timu iliyopungua mtu.