Kanisa Likitaka Kupanua Jengo: Namna ya Kusema Mbele ya Baraza la Mji

Tuseme unakaa Roseville, katika nyumba ya kupanga karibu na kanisa. Kila Jumapili magari huegeshwa pande zote mbili za barabara yenu. Watoto wako wakitaka kuvuka, hutokeza kati ya gari na gari, na dereva hawaoni mpaka wamefika mbele yake. Sasa unasikia kwamba kanisa limeomba kujenga ukumbi mkubwa zaidi.

Au tuseme wewe mwenyewe unasali hapo. Kanisa limewaazima jengo, mnakutana Jumapili mchana kwa ibada ya Kiswahili, na ukumbi mpya ungewafaa sana. Katika hali zote mbili unalo la kusema. Somo hili linaonyesha mahali pa kulisemea na namna ya kulisema.

Nani anaamua?

Hapa Marekani mwenye kiwanja hajengi tu apendavyo. Miji mingi ina sheria za matumizi ya ardhi: wapi ni makazi, wapi ni maduka, wapi ni viwanda. Kanisa, msikiti au shule ikitaka kujenga katikati ya nyumba za watu, mara nyingi lazima iombe kibali chenye masharti. Maana yake mji unaweza kukubali, lakini ukaweka masharti: nafasi ngapi za kuegesha magari, mlango wa kuingilia uwe upande gani, taa zisimulike madirishani kwa jirani.

Roseville ina Tume ya Mipango, inayochunguza maombi na kutoa ushauri. Uamuzi wa mwisho ni wa Baraza la Mji, yaani meya na madiwani wanne. Sheria ya Minnesota inaupa mji siku 60 kujibu ombi lililokamilika, na unaweza kujiongezea siku 60 nyingine kwa barua. Muda ni mfupi, kwa hiyo usingoje.

Barua huenda isikufikie

Kabla ya kibali kutolewa, lazima pawe na kikao cha wazi cha kuwasikiliza wananchi. Sheria ya jimbo inataka tangazo litolewe siku 10 kabla, na barua zipelekwe kwa wenye mali walio ndani ya futi 350, karibu mita 107. Angalia neno hilo: wenye mali. Mpangaji anaweza asipate barua hata kama anaishi ng'ambo ya barabara tu. Kwa hiyo soma mabango yaliyowekwa kwenye kiwanja, muulize mwenye nyumba, au piga simu ofisi za mji. Ukiona maneno Public Hearing kwenye karatasi yoyote, usiitupe.

Kusema katika kikao hakuhitaji uraia, wala kumiliki nyumba. Ukihitaji mkalimani, omba mapema, si siku ya kikao.

Sema ulichokiona

Mahakama ya Juu ya Minnesota imeshaamua kwamba hofu ya jumla ya majirani haitoshi kumnyima mtu kibali. Panatakiwa mambo ya kweli. Linganisha kauli hizi mbili:

"Magari yatakuwa mengi mno, hatutaki kanisa kubwa hapa."

"Ninaishi jengo la pili kutoka kanisani. Jumapili mbili zilizopita nilihesabu magari 40 barabarani. Matano yalikuwa karibu mno na njia panda, na watoto wangu wawili huvukia hapo. Naomba kibali kiwe na sharti la kivuko chenye alama, na kanisa liweke watu wa kuongoza magari."

Kauli ya kwanza ni malalamiko. Ya pili inawapa madiwani kitu cha kuandika katika kibali, nayo haimchukizi mtu wa kanisani. Kumbuka kwamba muda wa kusema ni dakika chache tu. Andika maneno yako nyumbani, anza na jina lako na mahali unapokaa.

Barabara ni ya nani?

Si kila barabara iko chini ya mji. Snelling Avenue ni ya jimbo, Lexington Avenue ni ya kaunti ya Ramsey, na barabara nyingi ndogo za makazi ni za mji. Kabla ya kuomba kivuko au taa, uliza barabara ni ya nani, usije ukabisha mlango usiohusika.

Sheria nyingine zinafanya kazi tangu leo, ukumbi ujengwe usijengwe. Ni marufuku kuegesha gari mbele ya njia ya gari ya jirani, ndani ya futi 10 za bomba la zimamoto, ndani ya futi 20 za kivuko kwenye njia panda, au ndani ya futi 30 kabla ya alama ya kusimama. Dereva lazima amsimamie mtu anayevuka kwenye njia panda isiyo na taa, hata kama hakuna mistari iliyochorwa. Mkienda ibadani, nanyi mzifuate.

Mjadala ukigeukia imani

Hapo jirani, katika mji wa St. Anthony, mwaka 2012 baraza lilikataa kwa kura 4 dhidi ya 1 ombi la Kituo cha Kiislamu cha Abu Huraira kutumia sehemu ya chini ya jengo la biashara. Mji ulisema eneo lile ni la viwanda. Lakini katika kikao baadhi ya wasemaji waliushambulia Uislamu wenyewe. Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani iliushtaki mji, ikitumia sheria ya mwaka 2000 inayolinda nyumba za ibada katika matumizi ya ardhi. Kabla mwaka haujaisha pande mbili zilipatana, na kituo kikaruhusiwa.

Sheria hiyo haiziondolei nyumba za ibada wajibu wa kuwa na maegesho na barabara salama. Inazuia zisitendewe vibaya kuliko mikusanyiko mingine. Basi uwe mwumini au jirani, zungumzia magari, njia na watoto. Dini ya mwenzako iache nje ya mlango.

Zoezi la wiki hii

1. Jumapili, simama nusu saa mahali watoto wako wanapovukia. Hesabu magari yaliyoegeshwa vibaya.
2. Andika sentensi tatu: unaishi wapi, umeona nini, unaomba nini.
3. Zisome kwa sauti mbele ya familia. Watoto wanaojua Kiingereza wasaidie kutafsiri.
4. Kabla ya kwenda kwenye kikao, zungumza na mchungaji au mzee wa kanisa hilo. Huenda sharti unaloliomba nao wanalitaka.