Somo: Dada anayetangaza mpira aheshimiwe

Mpira unakusanya watu. Katika kiwanja cha Lumumba, hapa Kisangani, Wambole na Walengola waliogawanywa na mapigano tangu mwaka 2023 wanaweza kushangilia timu moja. Lakini hiyo si amani kamili ikiwa dada anayetangaza mchezo anadhulumiwa.

Anapata taabu gani? Mkubwa wa kazi anamwambia kwamba atapewa mechi akikubali kulala naye. Kiongozi wa timu anataka mahojiano yafanyike chumbani. Mashabiki wanamshika mwili. Ninyi mliohama makwenu mnalijua jambo hili: hata mgawaji wa msaada anaweza kudai mwili wa mwanamke. Ni mamlaka yanayotumiwa vibaya.

Hayo si mzaha, ni kosa. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri ya ngono iliweka kifungo cha mwaka 1 hadi 12, au faini, kwa mwenye kushurutisha mtu hivyo, hata kwa maneno na vitisho. Sheria hiyo ilitaka aliyetendewa ashitaki mwenyewe. Basi tukimnyamazisha, tunafunga mlango wa haki.

Tufanye nini?

1. Familia: tumsikilize binti bila kumlaumu.
2. Aandike siku, mahali, maneno na mashahidi.
3. Viongozi: tusimalize jambo kwa mbuzi au fedha.

Tujadiliane: binti yetu akija na habari kama hii leo, tutamwambia nini kwanza?